Kazi ya Kikundi cha Nne

Jumatatu saa mbili, Utangulizi wa Menejimenti.
Daktari Mrutu anachora kiboksi juu kabisa ya ubao,
chini yake vitatu, chini yake saba,
mistari ikishuka kama mizizi ya kitu
ambacho shina lake hatujaonyeshwa.
"Shirika," anasema, "ni watu wawili au zaidi
wanaojua nani afanye nini."
Tunaandika. Watu mia na themanini tunaandika,
wa nyuma wakinakili madaftari ya wa mbele.

Kikundi chetu kilikuwa na watu sita.
Kisaka alijipa uenyekiti kwa kuwa ana kompyuta.
Namnyaki akapewa fedha, maana haoni haya kumdai mtu.
Mimi katibu: nina mwandiko.
Tumsifu na Ndelilio wajumbe,
wakabaki wajumbe hadi mwisho.
Na Aminiel, aliyepangiwa sehemu ya tatu,
Kudhibiti,
hakuonekana.

Eleza shirika moja unalolijua:
lipangwavyo, liongozwavyo, lidhibitiwavyo.
Kurasa kumi. Alama ishirini.

Tulikaa kantini hadi chai ikaota utando.
Kisaka alitaka benki, Tumsifu kampuni ya simu;
hakuna aliyewahi kufika ndani kupita foleni.
Tukapiga kura: mbili, mbili,
na moja iliyoharibika, Ndelilio alikuwa amesinzia.
Nikaandika: kikao kimeahirishwa.
Mlima haukuonekana siku hiyo.
Nao, nadhani, ulikuwa na udhuru.

Usiku Kisaka akamwandikia Aminiel
kwa herufi kubwa tupu.
Tiki moja.
Tiki moja.

Alitokea Alhamisi mlangoni mwa maktaba,
tope la Kibosho limemkaukia kwenye buti,
macho mekundu.
"Ilikuwa zamu yetu ya maji," alisema,
kana kwamba anatoa cheti cha hospitali.

"Maji gani?"
"Ya mfongo. Saa sita usiku hadi alfajiri, kila siku ya tisa.
Usipoyafungulia yanapita kwenda kwa Mlay,
na migomba haijui habari za kozi."

Namnyaki, ambaye kwao Longido
binadamu hupanga foleni nyuma ya ng'ombe,
akafunga daftari la madeni.
"Nani anapanga zamu?"
"Kamati."
"Nani kaichagua?"
"Wenye mashamba."
"Na mwizi wa maji?"
"Elfu kumi. Zamani ilikuwa debe la mbege.
Baba amelipa mara mbili.
Mara ya pili yeye ndiye alikuwa mwenyekiti."

Kisaka akafungua kompyuta, taratibu.

Tuliandika mpaka mlinzi akatuzimia taa,
kisha tukaandikia barazani kwa mwanga wa simu:
jinsi baragumu linavyoita watu kwenye msaragambo
masika yakishabomoa banio;
asiyeweza kuja hutuma mtu,
asiyetuma mtu husikia jina lake likisomwa.
Jinsi mlango wa mfereji unavyozibwa
kwa magome ya mgomba na udongo,
kufuli ambalo mtoto angelivunja kwa teke,
na halivunjwi.

Nikauliza muundo tuuchoreje,
kiboksi cha juu tumweke nani.
Aminiel akajikuna tope la gotini.
"Weka maji," akasema. "Sisi wote tuko chini yake."
Nikachora hivyo. Mstari ulipinda kidogo.

Kuchapa, shilingi mia kwa ukurasa, steshenari ya karibu na stendi.
Namnyaki alikusanya hadi ya Ndelilio,
kwa njia ambayo haimo katika kitabu cha kiada.

Kazi zikarudi. Kumi na moja kati ya ishirini.
Na kwa wino mwekundu, pembeni mwa magome na udongo:
*Chanzo? Mwaka? Mchapishaji?*

Mwenyekiti akataka tukate rufaa.
Tukapiga kura, mara hii bila kubishana:
watano wakubali, hakuna aliyepinga,
mjumbe mmoja hayupo.

Niliandika sababu kwenye muhtasari,
na hakuna aliyeniuliza maana yake:
leo ni siku ya tisa.